Mapitio ya Ushahidi wa Tiba Yanahitaji Mtunzaji

Mwanamke anapofikishwa hospitalini akiwa na uchungu katika wiki ya 30 ya ujauzito, mkunga na daktari huwa na saa chache za kuamua iwapo achomwe sindano ya deksamethasoni ili kuharakisha kukomaa kwa mapafu ya mtoto aliye tumboni. Dawa yenyewe ni ya siku nyingi na bei yake ni nafuu. Lililo gumu ni kujua itamfaa mama yupi, katika wiki ipi ya mimba, na katika hospitali yenye uwezo gani. Jibu la swali hilo halipatikani katika kumbukumbu ya daktari mmoja wala katika utafiti mmoja. Hutokana na kazi ya watu ambao hawatamwona kamwe mama huyo: watu waliokusanya majaribio yote yaliyowahi kufanywa kuhusu dawa hiyo, wakayachuja, wakapima ubora wake, kisha wakayajumlisha kwa utaratibu unaoweza kukaguliwa na mtu mwingine yeyote.

Kazi hiyo huitwa mapitio ya kimfumo. Watumishi wengi wa afya wamefundishwa namna mapitio hayo yanavyoandaliwa. Namna yanavyotunzwa baada ya kuchapishwa huzungumzwa kwa nadra, kana kwamba siku ya kuchapishwa ndiyo siku ya kumalizika kwa kazi. Kasoro hiyo ina gharama, na gharama yake hulipwa wodini. Vyuo vikuu vya tiba vya Afrika Mashariki vinapaswa kuuhesabu utunzaji wa mapitio kuwa sehemu ya huduma kwa mgonjwa, na kuutengea watu, muda na fedha kama vinavyofanya kwa maabara na maktaba.

Kazi inavyofanyika

Katika makala ya mapitio ya kawaida, mtaalamu mwenye uzoefu huchagua tafiti anazozijua na kuzitolea maoni. Huenda akawa mwaminifu kabisa, lakini msomaji hana njia ya kujua ni tafiti zipi zilizoachwa na kwa sababu gani. Mapitio ya kimfumo huanza kwa swali lililobainishwa vizuri: wagonjwa gani, tiba gani, ikilinganishwa na nini, na matokeo yapi yapimwe. Swali hilo pamoja na njia ya kulijibu huandikwa katika itifaki na kusajiliwa kabla ya kazi kuanza, ili waandishi wasije wakabadilisha swali baada ya kuona majibu. Tangu mwaka 2011 lipo daftari la kimataifa la usajili huo, PROSPERO, linalotunzwa katika Chuo Kikuu cha York nchini Uingereza.

Baada ya hapo tafiti hutafutwa katika hifadhidata kadhaa, zikiwamo tafiti ambazo hazikuchapishwa, kwa kuwa matokeo yasiyopendeza mara nyingi huishia kabatini. Watu wawili huzisoma kila mmoja peke yake na kuamua zipi zinahusika. Wakitofautiana, wa tatu huamua. Kila jaribio hupimwa. Je, wagonjwa waligawanywa kwa nasibu? Je, waliojitoa katikati walihesabiwa? Je, matokeo yote yaliyoahidiwa mwanzoni yalitolewa mwishoni? Pale majaribio yanapolingana vya kutosha, matokeo yake hujumlishwa kwa hesabu za takwimu, na waandishi hutaja waziwazi kiwango cha uhakika wa ushahidi: mkubwa, wa wastani, mdogo au mdogo sana.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Jaribio lenye wagonjwa 100 huweza kushindwa kuonyesha faida iliyopo kwa sababu tu idadi ni ndogo, ilhali majaribio kumi ya namna hiyo yakijumlishwa huidhihirisha. Hata hivyo, kibaba kikijazwa nafaka iliyooza, wingi wake haumfai mlaji. Ndiyo maana hatua ya kupima ubora hairukwi hata pale inapochosha. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia mapitio yaliyosajiliwa katika PROSPERO, uliona kwamba wastani wa muda tangu kusajiliwa hadi kuchapishwa ulikuwa wiki 67, yaani zaidi ya mwaka mzima. Mtu anayeidharau kazi hii kuwa ni ya kukaa mezani na kunakili ya wenzake hajawahi kuifanya.

Miaka 17 ya kusubiri

Historia ya sindano iliyotajwa mwanzoni inaonyesha hasara ya kutokuwa na mapitio kabisa. Katika mji wa Auckland, Nyuzilandi, daktari wa uzazi Graham Liggins alikuwa akichunguza kondoo wenye mimba ili kujua uchungu wa kuzaa huanzishwa na nini. Aligundua kwamba wanakondoo waliozaliwa kabla ya wakati baada ya kupewa steroidi walikuwa na mapafu yaliyoanza kujaa hewa, jambo lisilotarajiwa kwa umri wao. Yeye na Ross Howie, daktari wa watoto, wakafanya jaribio kwa akina mama 282 waliotarajiwa kujifungua mapema, na mwaka 1972 wakachapisha matokeo. Watoto ambao mama zao walichomwa steroidi walipata shida ya kupumua kwa uchache kuliko wenzao.

Majaribio mengine yalifuata katika nchi mbalimbali. Mengi yalikuwa madogo. Baadhi yalionyesha faida wazi, mengine hayakuweza kuionyesha. Daktari aliyesoma moja aliiamini dawa, na aliyesoma jingine aliitilia shaka, na kila mmoja alikuwa na karatasi ya kumtetea. Mwaka 1979 Archie Cochrane, daktari Mskoti na mtaalamu wa epidemiolojia, aliwalaumu wanataaluma wenzake kwa kushindwa kuandaa muhtasari wa kina wa majaribio yote ya nasibu, uliopangwa kwa fani na kurekebishwa kila baada ya muda. Inafaa msomaji azingatie kwamba lawama hiyo ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilihusu kukusanya, na ya pili ilihusu kurudia na kurekebisha.

Mapitio ya kimfumo ya majaribio ya steroidi hayakuchapishwa hadi mwaka 1989. Yalionyesha kwamba dawa hupunguza uwezekano wa mtoto njiti kufa kutokana na matatizo ya kutokomaa kwa asilimia 30 hadi 50. Majaribio yaliyoonyesha hivyo yalikuwa yamekwisha kuchapishwa miaka mingi kabla, yakiwa yametawanyika katika majarida. Makumi ya maelfu ya watoto huenda waliteseka na kufa bila ya lazima kwa sababu hakuna aliyekaa chini akayajumlisha. Shirika la Cochrane, lililoanzishwa mwaka 1993 mjini Oxford kwa jitihada za Iain Chalmers na wenzake, liliichukua picha ya majaribio hayo na kuifanya nembo yake: mistari mifupi ya ulalo, kila mmoja ukiwa jaribio moja, na chini yake alama ya almasi inayoonyesha jumla. Anayeitazama nembo hiyo huona kumbukumbu ya watoto ambao dawa yao ilikuwapo na haikuwafikia.

Jibu sahihi, wodi nyingine

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida huishia hapo, katika ushindi. Sehemu iliyofuata ndiyo inayozihusu zaidi hospitali na zahanati za Afrika Mashariki.

Baada ya mapitio kuchapishwa na kurekebishwa mara kadhaa, sindano ikawa desturi katika nchi tajiri. Ukatolewa wito kwamba isambazwe pia katika nchi maskini, hadi ngazi ya chini kabisa, kwa kuwa huko ndiko watoto njiti wengi hufia. Wito huo ulikuwa na nia njema, na aliyeupinga alionekana kama mtu asiyejali. Lakini sehemu kubwa ya majaribio yaliyokuwamo katika mapitio ilifanyika katika hospitali zenye vyumba vya uangalizi maalumu wa watoto wachanga, mashine za kusaidia kupumua na wauguzi wa kutosha. Swali la iwapo dawa ingefaa mahali pasipo na vitu hivyo lilikuwa bado halijajibiwa.

Likafanyika jaribio lililoitwa ACT katika maeneo ya Argentina, Guatemala, India, Kenya, Pakistan na Zambia. Maeneo yaligawanywa kwa nasibu. Katika nusu yake, watumishi wa ngazi zote walifundishwa kumtambua mama aliye katika hatari ya kujifungua mapema na kumchoma deksamethasoni. Katika nusu nyingine huduma iliendelea kama kawaida. Vizazi karibu 100,000 vilihusishwa, na matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2015. Miongoni mwa watoto wadogo zaidi, ambao ndio waliolengwa, vifo havikupungua kwa kiasi cha kuridhisha. Miongoni mwa watoto wote, vifo vya wachanga vilikuwa 27.4 katika kila vizazi hai 1,000 kwenye maeneo ya mpango huo, dhidi ya 23.9 katika maeneo mengine. Dalili za maambukizi kwa akina mama nazo ziliongezeka.

Dawa iliyosifiwa kwa miaka 20 ilikuwa imeambatana na vifo zaidi. Wapo waliosema kwamba mapitio yalikuwa ya uongo, na wapo waliosema kwamba jaribio lilikuwa bovu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mapitio na jaribio havikuwa vikijibu swali lilelile. Mapitio yaliuliza iwapo dawa humfaa mama ambaye umri wa mimba yake unajulikana na ambaye mtoto wake atapokewa na huduma inayofaa. Jaribio liliuliza iwapo mpango wa kuisambaza dawa kila mahali huokoa maisha. Pale umri wa mimba unapokadiriwa bila ultrasaundi, akina mama wengi huchomwa sindano ilhali hawazai kabla ya wakati, na kwao faida haipo. Mtoto njiti naye, hata akiwa amesaidiwa mapafu, bado huhitaji joto, maziwa, kinga dhidi ya maambukizi na msaada wa kupumua.

Mwaka huohuo wa 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo yenye masharti: umri wa mimba ujulikane kwa usahihi, mama asiwe na dalili za maambukizi, na pawepo huduma ya kutosha ya uzazi na ya mtoto aliyezaliwa mapema. Ili kumaliza shaka, shirika hilo liliratibu jaribio jingine, ACTION-I, katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Akina mama 2,852 walishiriki, na umri wa mimba ulithibitishwa kwa ultrasaundi. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda kwa kuwa faida ilikuwa imedhihirika: watoto wachanga waliofariki walikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata dawa na asilimia 23.5 kwa wasioipata, wala maambukizi kwa akina mama hayakuongezeka. Kwa hesabu hiyo, kwa kila akina mama 25 waliotibiwa, mtoto mmoja aliokolewa.

Mwishoni mwa 2020 mapitio ya Cochrane yalirekebishwa tena. Sasa yalikuwa na majaribio 27 kutoka nchi 20, yenye akina mama 11,272, na majaribio 10 kati ya hayo yalitoka katika nchi zenye rasilimali ndogo au za kati. Hatari ya mtoto mchanga kufariki ilipungua kwa takriban asilimia 22, na uhakika wa ushahidi ukatajwa kuwa mkubwa.

Msomaji apime nini kingetokea kama mapitio yangeachwa kama yalivyokuwa kabla ya 2015. Zahanati isiyo na ultrasaundi wala oksijeni ingeendelea kuhimizwa kumchoma sindano kila mama mwenye uchungu wa mapema. Apime pia nini kingetokea kama habari za ACT zingechukuliwa peke yake kuwa neno la mwisho. Hospitali za rufaa zenye uwezo zingeiacha dawa inayookoa mtoto mmoja kwa kila akina mama 25. Makosa yote mawili yangefanywa na watu wema wanaofuata ushahidi. Kilichoyazuia ni kuwapo kwa watu walioendelea kuyafungua mapitio, kuyaongezea yaliyopatikana na kusema waziwazi yanawahusu akina nani.

Mapitio huchakaa

Mwaka 2007 watafiti walichapisha uchunguzi wa mapitio ya kimfumo 100 ili kujua huchukua muda gani kabla ya ushahidi mpya kubadilisha hitimisho lake kwa kiasi cha maana. Muda wa kati ulikuwa miaka 5.5. Asilimia 23 yalikuwa yamepitwa ndani ya miaka miwili, na asilimia 7 yalikuwa yamekwisha kupitwa siku yalipochapishwa. Mwongozo wa tiba uliobandikwa ukutani miaka minane iliyopita unaweza kuwa umejengwa juu ya mapitio yaliyo sahihi kwa wakati wake na yasiyo sahihi leo.

Malaria kali ni mfano wa karibu. Kwinini ilitumika kwa vizazi vingi. Jaribio kubwa lililofanyika Asia na kuchapishwa 2005 lilionyesha kwamba artesuneti huokoa maisha zaidi, lakini washiriki wake wengi walikuwa watu wazima. Kwa mtoto wa Afrika, mapitio ya wakati huo hayakuwa na la kusema kwa uhakika. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya jaribio la AQUAMAT, lililohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Waliofariki walikuwa asilimia 8.5 kwa artesuneti na asilimia 10.9 kwa kwinini. Mapitio yakarekebishwa, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesuneti kwa watoto pia. Tabibu aliyefuata mapitio ya 2009 na yule aliyefuata ya 2011 walikuwa waaminifu sawasawa, ila wagonjwa wao hawakuwa na nafasi sawa ya kupona.

Kutunza hakumaanishi kuongeza tu. Wakati mwingine humaanisha kuondoa. Katika janga la UVIKO-19, utafiti mmoja uliowekwa mtandaoni kabla ya kuhakikiwa ulidai kwamba ivamektini hupunguza vifo kwa kiwango kikubwa mno. Uliingizwa haraka katika majumuisho kadhaa na kuyapa nguvu. Julai 2021 uliondolewa kutokana na mashaka kuhusu ukweli wa data zake, na majumuisho yaliyoutegemea yakapoteza sehemu kubwa ya faida yaliyokuwa yameitangaza. Mahali ambapo hakuna anayerudi kukagua, utafiti wa namna hiyo hubaki ndani ya jumla na kuendelea kutibu watu.

Wala si kila mapitio yanahitaji kurudiwa kila mwaka. Yapo maswali yaliyokwisha kujibiwa, ambayo kuyarudia ni kupoteza nguvu. Mtunzaji mzuri hupanga mapema ni tukio gani litakalomfanya ayafungue: jaribio jipya kubwa, madhara mapya yaliyoripotiwa, utafiti uliofutwa, au mabadiliko ya vimelea na dawa. Huandika pia, mahali panapoonekana, tarehe ambayo tafiti zilitafutwa kwa mara ya mwisho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa hauwezi kuzibwa na mtu asiyepita kuukagua.

Mzigo wa nani?

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi hii ililipiwa na walipa kodi wa nchi chache. Machi 2023 taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Uingereza ilisitisha fedha zilizokuwa zikiyaendesha makundi ya wahariri wa Cochrane nchini humo, likiwamo kundi la Liverpool lililosimamia mapitio ya ujauzito na uzazi. Nchi yoyote ina haki ya kupanga matumizi yake. Lakini tukio hilo liliweka wazi jambo lililokuwa limefichika: maarifa yanayotumiwa na mkunga wa Muheza au Kilifi yalitegemea bajeti ambayo mkunga huyo na serikali yake hawakuwa na kauli juu yake.

Yapo majibu ya kawaida kila hoja hii inapotolewa. La kwanza ni kwamba tafiti za ng'ambo hazihusiani na mazingira ya hapa. Historia ya steroidi inalipa jibu hilo nusu ya haki yake. Ni kweli kwamba ushahidi wa Auckland haukuweza kuhamishwa jinsi ulivyo hadi kijijini. Lakini kilichotatua shaka hakikuwa kuupuuza ushahidi. Kilikuwa kufanya majaribio katika hospitali za Afrika na Asia na kuyaingiza katika jumla. Anayelalamika kwamba mapitio hayamzungumzii mgonjwa wake ana njia moja ya kuyafanya yamzungumzie, nayo ni kushiriki katika kuyaandaa.

Jibu la pili ni fedha. Mapitio hayahitaji vitendanishi wala mashine za gharama. Huhitaji muda wa watu waliofunzwa, mkutubi anayejua kutafuta, na njia ya kuyafikia majarida. Kuhusu hilo la mwisho, mpango wa HINARI, uliozinduliwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka 2002, huziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida bure au kwa malipo madogo. Tangu 1997 Afrika Kusini ina kituo cha Cochrane ambacho kimewafunza watafiti wa nchi nyingine za bara hili. Nchini Kenya, kuanzia 2010, wataalamu wa afya ya watoto walishirikiana na Wizara ya Afya kuandaa mapitio na kuyaweka mbele ya jopo la madaktari wa humo humo, ili mapendekezo ya kitaifa yatokane na ushahidi uliojadiliwa hadharani. Kwa hiyo uwezo upo, na umekwisha kuonekana.

Kinachokosekana ni heshima. Pale mhadhiri anapopandishwa cheo kwa kuhesabu machapisho mapya, anayerekebisha mapitio ya zamani huonekana kama fundi anayepaka rangi nyumba ya mwingine. Pale mwanafunzi wa uzamili anapotakiwa kukusanya data mpya hata kama swali lake limekwisha kujibiwa mara nyingi, huishia kuwahoji watu 200 kuhusu jambo lisilohitaji kuulizwa tena. Vyuo vinaweza kubadilisha hayo kwa kanuni zao wenyewe, bila ya kusubiri mfadhili: kuyakubali mapitio ya kimfumo, na hata marekebisho ya mapitio yaliyopo, kuwa tasnifu kamili, kuyahesabu katika upandishaji wa vyeo, na kila idara kupewa maswali machache ya magonjwa yanayowaua watu wa hapa iyatunze mwaka hadi mwaka, huku majina ya watunzaji yakijulikana.

Jibu la tatu linakuja na wakati: kwamba programu za kompyuta zitaifanya kazi yote. Programu hizo tayari husaidia kuchuja maelfu ya vichwa vya makala, na msaada huo ni wa kupokelewa. Lakini kuamua kwamba data za utafiti fulani haziaminiki, au kwamba wodi za jaribio fulani hazifanani na wodi ya hospitali ya wilaya, ni uamuzi unaohitaji mtu anayezijua wodi hizo na anayeweza kuwajibishwa akikosea.

Sehemu ya mtumishi na sehemu ya mgonjwa

Mtumishi wa afya aliye mbali na chuo ana sehemu yake pia. Anapopewa mwongozo mpya, ana haki ya kuuliza umejengwa juu ya mapitio gani, tafiti zilitafutwa mwisho lini, na masharti yake ni yapi. Mwongozo unaosema mpe dawa bila ya kusema katika hali gani umekata nusu ya ushahidi. Na pale anapoona kwamba wagonjwa wake hawafanani na wanaoelezwa, taarifa yake hiyo ni ya thamani kwa watunzaji, ikiwa ipo njia ya kuwafikia. Kuijenga njia hiyo ni wajibu wa vyuo na wizara.

Mgonjwa naye si mtazamaji. Kuuliza si ujinga wala si utovu wa adabu. Anaweza kumwuliza daktari iwapo tiba anayoshauriwa imetokana na utafiti mmoja au na jumla ya tafiti, faida yake ni kiasi gani, madhara yake ni yapi, na nini kitatokea asipoitumia. Kwa mama mjamzito lipo jambo moja zaidi. Ushahidi wote wa sindano ya kukomaza mapafu umesimama juu ya kujulikana kwa umri wa mimba. Mama anayekumbuka tarehe ya hedhi yake ya mwisho, akaanza kliniki mapema, na akapimwa ultrasaundi kabla ya wiki ya 24 pale huduma hiyo ipatikanapo, anampa daktari wake taarifa ambayo hakuna mapitio yoyote duniani yanayoweza kuitoa badala yake.

Mwaka 1979 Cochrane aliwalaumu madaktari kwa kukosa muhtasari unaorekebishwa kila baada ya muda. Katika Afrika Mashariki lawama hiyo bado haijajibiwa kikamilifu. Majaribio makubwa yamefanyika Kilifi, Muheza, Korogwe na Mbarara. Akina mama na watoto wa huko wamejitolea miili yao ili maswali yajibiwe. Haki yao ya chini kabisa ni kwamba majibu hayo yasiachwe kuchakaa, na kwamba katika kila chuo cha tiba kilicho karibu nao awepo mtu ambaye kazi yake rasmi, inayolipwa, ni kuyatunza.